Urari umegoma kwa 270,000, kesho saa mbili natakiwa ubaoni

Mshika Leja
Wakuu habari za usiku. Nawatatulia wanafunzi maswali ya uhasibu na uchumi hapa mtaani, ndiyo inayonipa ugali. Kuna swali la urari, ile orodha ya salio za akaunti ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane, limenigomea tangu saa kumi. Debiti 2,560,000, krediti 2,830,000. Nimejumlisha kwa simu, kwa kikokotoo, hadi kwa vidole. Hiyo 270,000 nikiitupia kwenye saspensi, akaunti ya kushikilia tofauti kwa muda, kuna ubaya?

Ngoja Waje
Ngoja waje.

Babu wa Stoo
Kijana, nikiwa karani nilitupia saspensi elfu nne tu. Mkaguzi aliacha mafaili yote akakaa na hiyo elfu nne siku mbili. Kila akiniita nilikuwa nakwenda kwanza kunywa maji.

Dada Mizania
Gawa kwa mbili: 135,000. Kama kiasi hicho kimo kwenye orodha, umekiandika upande usio wake. Kama hakimo, gawa kwa tisa. Weka swali lote.

Mtoto wa Mchungaji
Mnawafanyia watoto kazi zao, kesho wakishika hela za umma mnashangaa.

Mshika Leja
Taslimu 420,000, manunuzi 980,000, pango 110,000, mishahara 210,000, wadaiwa 340,000, samani 500,000. Mtaji 800,000, wadai 400,000, mauzo 1,630,000.

Dada Mizania
Limetoka kitabu gani?

Mshika Leja
Kitabu hakihusiki dada.

Dada Mizania
Kinahusika. Vingi vina majibu nyuma.

Mshika Leja
Haya. Nimelitunga mimi. Lilikuwa jaribio la Jumamosi, tuisheni, kidato cha tatu, watoto 15. Urari wa 14 haukukubali, nikawapa sifuri. Mmoja kapata 20 kwa 20. Sasa kuna mzazi mhasibu, kesho anakuja nimtatulie ubaoni. Msinishambulie. Niliandika "andaa urari", na urari usiokubali si urari. Alama nimesharudisha, sizigusi. Nitasema saspensi ndiyo ilikuwa mtego.

Kalamu Nyekundu
Na huyo wa 20 alisawazishaje?

Mshika Leja
Ndiyo naiangalia karatasi yake. Debiti kaorodhesha vizuri tu, halafu chini kaandika 2,830,000. Sikujumlisha, niliangalia mstari wa mwisho.

Kijana wa Gongo
😂😂 Huyo dogo ataenda mbali. Mbali na sisi, naomba.

Mti Mkavu
Chai hii, tena ya rangi. Mwalimu ashindwe urari wa mistari tisa? Huyu ni mmoja wa wale 14, anatafutiwa masahihisho ya kesho.

Mtoto wa Mchungaji
Nilisema mimi.

Mshika Leja
Mti Mkavu niweke picha ya rundo la karatasi?

Mti Mkavu
Picha mtu anaomba popote. Weka mwongozo wa kusahihishia.

Mshika Leja
Sina. Huwa nasahihisha kwa kichwa.

Babu wa Stoo
Hapo nimeamini ni mwalimu.

Dada Mizania
Mwalimu au mwanafunzi, 270,000 gawa kwa 9 ni 30,000, haikubakiza kitu. Dalili ya tarakimu mbili kupishana, na tofauti yake ni 3. Pitia orodha: 6 na 3 za kwenye mauzo. Ukiandika 1,360,000 pande zote zinakuja 2,560,000. Ulikosea kuchapa, basi. Saspensi ingekusitiri mpaka huyo mhasibu atakapouliza mauzo umeyatoa wapi. Wale 14 walijumlisha sawasawa, anza na alama zao.

Mshika Leja
Dah. Daftari langu linasema 1,360,000 kweli. Hao 14 naweza kuwaongezea, sawa. Tatizo ni yule wa 20. Nikimshusha...

Kalamu Nyekundu
Nikimshusha nini?

Mshika Leja
Mama yake ndiye mwenye chumba tunachosomea. Na nadaiwa kodi ya miezi miwili.

Mti Mkavu
Kila ukibanwa anazaliwa mhusika mpya. Kesho tutaletewa mjomba.

Babu wa Stoo
Kwenye urari wako hiyo kodi uliiandika wapi?

Ngoja Waje
Naona wamekuja. Mkimaliza hapa nami mnisaidie: vitunguu vimepanda kutoka 2,000 hadi 2,500 kwa kilo, mauzo yakashuka kutoka kilo 100 hadi 80. Mnyumbuko wa mahitaji ni ngapi? Kabla ya saa mbili asubuhi tafadhali. Na mimi pia ni mwalimu.