Ndoo ya maganda imejaa funza na gari la taka halieleweki, niendelee kutenganisha au niache?

Mpangaji wa Soweto:
Wakuu heshima kwenu. Niko Moshi mjini, nyumba ya kupanga, uwanja mmoja familia kadhaa, bomba moja nje. Mtaani kwetu walikuja watu wa mradi wa usafi wakaitisha kikao kwa mwenyekiti, wakagawa ndoo mbili mbili kila nyumba, moja ya taka zinazooza yaani maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, ugali uliolala, na nyingine ya makopo na plastiki. Ile ya maganda tukaambiwa gari litapita kila wiki linaibeba inaenda kutengenezwa mboji. Nikafurahi kwelikweli mana taka zetu nyingi ni za jikoni, hapa watu wanakula machalari na mtori, ukimenya ndizi za watu wanne tu ndoo imefika nusu.

Mwanzo gari lilikuja. Sasa hivi linakuja likijisikia. Unatoa ndoo barabarani asubuhi, jioni unairudisha vilevile, au unaikuta mbwa wameshaipindua na wewe ndio wa kufagia barabara ya watu. Ukifunua mfuniko unakutana na funza wale weupe wamepanda mpaka ukingoni, chini kuna maji meusi yametuama, harufu yake ukiisikia hata hamu ya chai inaisha. Mama Junior mpangaji mwenzangu ana kichanga, kasema nikiiweka tena karibu na mlango wake anaimwaga mtaroni, na mimi simlaumu.

Ila kilichoniuma zaidi sio funza. Siku gari limekuja nikasimama getini, nikamuona kijana anamwaga ndoo yangu niliyochambua vizuri, afu hapohapo juu yake anamwaga kiroba cha jirani chenye mapampasi na chupa. Namuuliza mdogo wangu mbona unachanganya, ananijibu "mama sisi tunapakia tu". Yaani nilijisikia mjinga.

Sasa naomba ushauri, funza nawazuiaje, niendelee kuchambua au niache kama wenzangu, na hela ya taka ya kila mwezi naweza kugoma kulipa mpaka gari lieleweke? Na kama kuna mtu anatengeneza mboji mwenyewe kwenye nyumba ya kupanga aniambie inawezekanaje, mana mwenye nyumba wetu ni mkali ukichimba hata kashimo ka mchicha. Jina la kikundi wala mtaa sitaji, sitafuti ugomvi.

Kiboriloni Original:
Pole dada. Ushauri wangu ni mfupi, weka vyote kiroba kimoja ulale. Hizo ndoo mbili ni za kupigia picha siku ya uzinduzi, wakishaondoka na mafulana yao unabaki na funza wako.

Chuga Mzawa:
Hahaha nyie Moshi si ndio kila mwaka mji msafi mji msafi. Kumbe na nyie. Huku Arusha kwetu hizo ndoo hatukugawiwa kabisa, sisi ni kiroba kimoja moja kwa moja mpaka dampo la Muriet, angalau hatudanganyani.

Shamba Darasa:
Dada usiwasikilize hao wawili. Tuanze na funza. Inzi akitaga kwenye chakula kinachooza mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi, na kwa joto letu la Januari na Februari kutoka yai mpaka inzi anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10. Kwahiyo gari likikaa wiki mbili, hiyo ndoo itatoa inzi hata ungekuwa msafi namna gani. Hilo kosa sio lako, ni la ratiba, na mtu anayepanga kubeba taka za jikoni kwenye mji wa joto kama Moshi chini ya mara moja kwa wiki hajawahi kukaa na hiyo ndoo nyumbani kwake.

Cha pili ni maji. Mabaki ya jikoni sehemu kubwa ni maji, ukiyafungia kwenye ndoo bila hewa yanaoza tu, hayaivi. Harufu unayosema ndio hiyo. Dawa yake ni kitu kikavu, maranda ya kwa fundi seremala, au maganda ya mpunga ya kwenye mashine za kukobolea, yapo mengi sana huku kwetu kwa sababu ya mpunga wa Chekereni na Kahe, wengine wanayachoma tu. Tandika chini ya ndoo unene wa vidole vinne, afu kila ukimwaga maganda funika juu yasionekane kabisa. Inzi asipokiona chakula wala kukigusa hatagi. Mimi napima kwa kopo, kopo moja la mabaki makopo mawili ya kikavu. Wataalamu wanasema kaboni, iliyojaa kwenye vikavu, iwe kama mara 25 mpaka 30 ya naitrojeni, iliyo zaidi kwenye mabaki mabichi, ila kwa kopo unakadiria tu bila kalkuleta.

Nyama, samaki na mafuta usiweke kabisa. Majivu ya mkaa nyunyiza kidogo tu, watu wanajaza majivu wakidhani yanaua harufu kumbe yakizidi ndio yanafukuza naitrojeni yote hewani na mboji inatoka haina nguvu.

Kiboriloni Original:
Sasa mkuu maranda atafute, apime kopo, afunike, afu lije gari limwage na pampasi. Si bora aache?

Nilishapakia:
Acha niseme kitu mimi nilishafanya hiyo kazi, sio hapo kwenu, mji mwingine. Yule kijana aliyekujibu "tunapakia tu" kakwambia ukweli wake. Kwenye karatasi tulikuwa na gari la maganda siku yake na gari la mchanganyiko siku yake, ila yakiharibika yanabaki moja, na hilo moja lazima libebe vyote mana mtu akiona kiroba chake kimelala nje siku mbili anampigia diwani, lakini hakuna aliyewahi kumpigia diwani kwa sababu maganda yamechanganywa. Sisi tulilipwa kwa tripu. Dereva anaangalia dizeli, anaangalia foleni ya dampo, unategemea nani akae achambue?

Na hata siku zile gari lilipobeba maganda peke yake bado ilikuwa vita. Tukifika kule kwenye mboji, msimamizi anafungua anakuta vioo, betri, mapampasi yamefungwa vizuri kama zawadi, anaukataa mzigo wote unaenda kutupwa. Siku zingine tulichambua kwa mkono, glavu zikiwepo, mwenzangu alichomwa na sindano. Na ile mifuko mbadala iliyokuja baada ya nailoni kupigwa marufuku Juni 2019, watu wanaweka maganda humo wanafunga wakiamini nayo inaoza kwa kuwa inaonekana kama kitambaa. Haiozi ile, ni plastiki iliyotengenezwa nyuzinyuzi, inakatikakatika tu kwenye mboji inakuwa vitambaa vya rangirangi. Ukija kuchekecha mboji unakuta vioo vidogo na hivyo vitambaa, mkulima ananusa anashika anaondoka. Mboji isiponunuliwa hela ya dizeli inatoka wapi, ndio gari linaanza kuja likijisikia. Hapo ndipo mradi ulipofia, ndoo za watu hazikuwa na shida.

Sehemu moja tu ilienda vizuri, sokoni. Taka za soko ni majani ya kabeji, magome ya migomba, mapapai, mananasi, zinatoka sehemu moja kila siku kwa wingi na pampasi hakuna. Ningekuwa mimi naendesha huo mradi ningeanza na masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni kwanza, majumbani baadaye.

Mpangaji wa Soweto:
Duh Nilishapakia ahsante, angalau nimeelewa, na yule kijana sitamnunia tena. Kwahiyo yangu ikifika inamwagwa tu?

Nilishapakia:
Siwezi kusema ya kwenu, kamuulize dereva ukiwa na maji ya baridi mkononi atakwambia anakopeleka. Wanajua kila kitu, hawaulizwi tu.

Bibi Shamba:
Hamjambo wanangu. Mimi niko juu huku Old Moshi. Nasoma nashangaa, maganda ya ndizi mnayapa gari? Na mnalipia? Huku hakuna ganda linalotoka nje ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. La ndizi linakwenda kwa ng'ombe, ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi kwenye mgomba. Machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, yanakwenda kwa nguruwe. Mwanangu wewe tafuta tu mtu wa hapo mjini mwenye ng'ombe wa ndani, wapo wengi Rau na Msaranga huko, mwambie kila siku una ndoo ya maganda safi, uone kama hajaja mwenyewe na baiskeli. Majani siku hizi yananunuliwa, kiangazi kichwa kimoja cha majani ni hela. Ila yawe maganda ya leo, usimpe ng'ombe wa mtu kitu kilichooza wala chenye funza, na uangalie pasiwe na kifuko hata kimoja, ng'ombe akimeza nailoni anakufa polepole na hujui kinachomuua.

Mpangaji wa Soweto:
Shikamoo bibi. Hilo sikuliwaza kabisa na kuna baba mmoja mtaa wa pili ana ng'ombe wawili, kila siku nampita!

Bibi Shamba:
Marahaba. Nenda leo.

Kiboriloni Original:
Bibi kamaliza uzi. Na mabaki ya ugali na mchuzi apeleke kwa mwenye kitimoto.

Daktari wa Ng'ombe:
Hapo kwenye kitimoto taratibu. Makombo yenye nyama ya nguruwe ndani yake ni moja ya njia kubwa za kusambaza homa ya nguruwe ya Afrika, kirusi chake kinakaa kwenye nyama muda mrefu hata kama imegandishwa, na huo ugonjwa hauna tiba, ukiingia bandani unafuta wote. Wafugaji wa Kilimanjaro na Arusha wanaujua. Mwenye nguruwe akichukua makombo ya majumbani au ya hotelini ayachemshe yatokote vizuri kama nusu saa, ayapoze, ndio awape. Na makombo ya nyama usimpe ng'ombe kabisa, hata yaliyochemshwa. Maganda mabichi ya ndizi, majani ya viazi, hayo hayana shida.

Chuga Mzawa:
Huku kwetu kuna jamaa wanafuga funza kabisa, wale wa inzi weusi wakubwa, wanawalisha mabaki ya sokoni wanakuja kuwalisha kuku na samaki. Mpangaji wewe funza wako unawatupa kumbe ni mtaji 😂

Daktari wa Ng'ombe:
Ni kweli kabisa na sio utani, wale inzi weusi hawahangaiki na chakula cha ndani kwako kama inzi wa kawaida. Ila hiyo ni kazi inayotaka banda na nafasi, sio mlangoni kwa Mama Junior.

Msoma Sheria:
Naomba nijibu la hela ya taka mana naona limerukwa. Usigome. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 taka ngumu ni jukumu la serikali za mitaa, na ada inawekwa kwa sheria ndogo, kwahiyo ukigoma kimyakimya wewe ndio unaonekana mkosaji, unaweza kupigwa faini au ukapelekwa mahakamani kwa ada ndogo tu. Lipa, na dai risiti kila mwezi, hiyo risiti ndio inayokupa mdomo. Afu andika kwenye daftari siku gari lilipopangwa na siku lilipokuja. Mpelekee mtendaji wa kata barua, nakala kwa afisa afya wa kata, muandike wapangaji wote na mwenye nyumba asaini. Kwenye mkutano wa mtaa usiseme "taka zinanuka", watakujibu tumelipokea. Uliza vitu viwili: mkataba wa huyo anayebeba unasema apite mara ngapi, na ndoo ya maganda inapelekwa wapi. Waombe wajibu hapohapo na iandikwe kwenye muhtasari.

Kiboriloni Original:
Mwenye nyumba wa Moshi asaini barua? 😂😂 Labda umwambie itashusha kodi ya jengo.

Mpangaji wa Soweto:
Jamani nimerudi. Baba mwenye ng'ombe kakubali, mtoto wake anapita jioni akitoka shule na kandoo kake, maganda yangu na ya Mama Junior na ya dada wa chumba cha mwisho yote anabeba. Ndoo imekuwa nyepesi mpaka raha, imebaki ya mabaki yaliyopikwa, majani ya chai na maganda ya mayai. Maranda nimepata bure kwa fundi, alitaka tu nimletee viroba vyangu. Harufu imepungua sana ila haijaisha, na nikipima kwa mkono hakuna joto lolote, mbona nasikia mboji inatakiwa iwe ya moto?

Shamba Darasa:
Safi sana. Joto usilitegemee kwenye ndoo, ni ndogo mno. Rundo linaanza kuchemka likifika kama mita moja kila upande, hapo ndio unafika nyuzi 55 mpaka 65 zinazoua mbegu za magugu na vijidudu, unachomeka fimbo katikati unaiacha dakika kadhaa ukiichomoa unaiachia mwenyewe. Yako itaiva baridi, polepole, miezi mitatu minne na zaidi, haina neno. Harufu iliyobaki nadhani ni maji ya chini. Toboa matundu madogo ubavuni na chini, uiinue juu ya matofali mawili na uweke beseni kuukuu chini yake, na mara moja kwa wiki ichanganye na kijiti hewa iingie. Masika ikianza isogeze chini ya paa. Maranda yawe ya mbao za kawaida, uliza kama fundi hajaranda mbao zilizopigwa dawa, hizo usiweke.

Mpangaji wa Soweto:
Hilo la dawa sikuuliza, kesho napita. Na ile mboji ikiiva nitaiweka wapi na uwanja wote ni sementi?

Mama Junior wa ukweli:
Dada nimekuona humu 😂 Tutapanda sukuma wiki kwenye viroba, ukuta wa kwangu una jua mpaka saa kumi. Ila beseni liwe upande wako.