Ushauri: mstari wa mikromita 2.166 kwenye GG Tauri A, niuamini?

NyotaChanga: Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijakutana na msimamizi wangu wiki ijayo. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu GG Tauri A, nyota maradufu changa katika kundinyota la Ng'ombe (moja ya hizo mbili nayo imeonekana ni jozi). Zimezungukwa na pete kubwa ya gesi na vumbi, na kati ya pete na nyota kuna pengo. Nataka kujua gesi inalivukaje.

Natumia data za wazi za infraredi, kwa kuwa mwanga wa kawaida humezwa na vumbi. Kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi), mstari wa molekuli za hidrojeni, mikromita 2.122, unatoka ndani ya pengo. Ule wa atomi za hidrojeni, Brackett gama, 2.166, ambao ni ishara ya gesi inayoangukia nyota, unang'aa mno kwenye nyota zenyewe. Nimeandika kwamba nyota zinameza gesi kwa kasi kubwa. Hitimisho hilo litasimama?

Mzee_wa_Spektra: Hongera dada, hapo umechagua pazuri. Nyota uliyoitumia kusafisha alama za angahewa ya Dunia ni ya aina gani?

NyotaChanga: Shikamoo mzee. Ni A0, zile nyota nyeupe zenye joto kali.

Mzee_wa_Spektra: Marahaba. Basi shida iko hapo. Tunazipenda A0 kwa kuwa spektra yake haina mistari mingi, ila ya hidrojeni imo, na pale 2.166 kuna shimo refu. Ukigawanya spektra yako kwa ya kwake, shimo linageuka kilima. Sehemu ya mng'ao wako haijatoka GG Tauri! Ziba shimo kwanza kwa modeli ya A0, ndipo ugawanye. Mstari wa 2.122 usiuhofie; A0 haina molekuli za hidrojeni.

Ukungu_wa_Orion: Naongezea. Tafuta pia mstari wa 2.248, ugawanye nguvu yake kwa ya 2.122. Ukipata karibu 0.1, gesi imepata joto kwa kugongana, ukikaribia 0.5, inaamshwa na mionzi ya urujuanimno. Tahadhari tu: gesi ikisongamana sana, hata uwiano wa ile inayoamshwa na urujuanimno hushuka kuelekea 0.1.

NyotaChanga: Nimerudi. Baada ya kuziba shimo, kilima cha 2.166 kimeshuka karibu nusu, lakini kipo. 2.122 haukutikisika. 2.248 umezama kwenye kelele, nina kikomo cha juu tu: uwiano chini ya 0.2. Asanteni sana. Sura ya nne naiandika upya usiku huu.