Naombeni ushauri: nataka kuwafundisha wenzangu wa mawimbi uokoaji na CPR (kumpulizia na kumkandamiza kifua asiyepumua), nipangeje siku moja?

Ubao_Mrefu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tuna kikundi cha kupanda mawimbi kwa ubao. Hatushindani, ni burudani tu. Tunapoingilia majini hakuna mwokoaji wa zamu, kwa hiyo mtu akizidiwa wa kwanza kumfikia ni sisi, maana tayari tuko ndani na tuna kitu kinachoelea. Na wanaozidiwa si lazima wawe wenzetu. Wengi ni waogeleaji waliobebwa na mkondo unaovuta kuelekea kilindini, uleule ambao sisi tunautumia kama njia ya mkato ya kuyavuka mawimbi.

Tumekubaliana tutenge siku nzima: asubuhi mazoezi ya majini, mchana CPR ufukweni. Nina cheti cha huduma ya kwanza, ila nilikipatia ukumbini kwenye sakafu kavu. Wajuvi nisaidieni:

Muda mwingi uende wapi, majini au kwenye CPR? Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba siku hizi kupuliza mdomoni kumeachwa, unakandamiza kifua tu. Ni kweli? Halafu aliyezimia, tena mzito, unampandishaje ubaoni ukiwa peke yako? Tumejaribu, tunaishia kupinduka wote wawili.

Nesi_wa_Zamu

Nianze na hilo la kupuliza, maana ndilo la hatari. Kukandamiza kifua peke yake kunahimizwa pale mtu mzima anapoanguka ghafla kwa tatizo la moyo na aliye karibu hana mafunzo. Damu ya mtu huyo bado ina oksijeni, inahitaji kusukumwa tu. Aliyezama ni kinyume chake: hewa ilikatika kwanza, moyo ukafuata. Ukikandamiza bila kupuliza unazungusha damu isiyo na kitu.

Kwa hiyo aliyezama na hapumui anaanzishiwa pumzi. Miongozo ya Ulaya inasema 5, ya Marekani inasema 2. Chagueni mmoja, wote mfuate huohuo. Baada ya hapo ni mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 bila kupita 6 kwa mtu mzima, na kifua kiachiwe kirudi juu kila mara. Akiwa anakoroma au kutweta mara mojamoja kama samaki aliyetolewa majini, huko si kupumua. Anza.

Mtakutana na povu jeupe linalotoka puani na mdomoni bila kukoma. Msihangaike kulifuta, pulizeni. Matapishi ni habari nyingine: mgeuze ubavu, safisha haraka, mrudishe, endelea. Na asitokee shujaa wa kumminya tumbo "atoe maji". Yatakayotoka ni ya tumboni, na yanaweza kuishia kwenye njia ya hewa.

Mkia_wa_Pweza

Mleta uzi, mnapinduka kwa sababu mnamvuta juu. Usimvute, pindua ubao.

Uweke ubao kati yako na yeye, kisha ugeuze mapezi (yale mabawa madogo ya chini ya ubao) yatazame juu. Vuta mikono yake ipite juu ya ubao hadi makwapa yakae kwenye ukingo wa upande wake. Mkono wako mmoja ubane viganja vyake kwenye ukingo wa upande wako usiviachie, mwingine uvuke ukashike ukingo wa upande wake. Sasa jiegemeze kinyumenyume kwa uzito wako wote. Ule ukingo wa mbali utainuka na kuja kwako, ubao utageuka na kumzoa. Atajikuta amelala kifudifudi kukatisha ubao, kichwa upande wako. Mzungushe mwili mzima ili kichwa kielekee mbele ya ubao, miguu uipandishe, wewe panda kutokea nyuma kati ya miguu yake, kisha upige maji kwa mikono kwenda ufukweni. Povu la wimbi likiwafikia kwa nyuma, mkumbatie na usogee kuelekea mkiani ili pua ya ubao isichimbe.

Jifunzeni kwa ubao mrefu wa sponji. Ubao mfupi wa mashindano hauwabebi wawili, na mapezi yake yanachana ngozi.

Ila mwenye fahamu zake hahitaji mbwembwe hizi. Msukumie ubao, usimpe mkono, kaa mbali mpaka aushike. Akishatulia, si lazima umpeleke nchi kavu dakika hiyohiyo. Mnaweza kuelea hapo, umepunga mkono juu, mkisubiri msaada. Mkifundishana jambo moja tu siku hiyo, liwe hili.

Pezi_Tatu

Na kumpuliza humo humo majini?

Nesi_wa_Zamu

Kwa aliyefunzwa hasa, mwenye kitu cha kuelea, na maji yametulia. Kwenye mawimbi yanayopasuka, mtoe kwanza.

Mzee_wa_Ufuo

Wazo lenu si geni. Juni 1925 huko Corona del Mar, California, mashua iitwayo Thelma ilipinduliwa na mawimbi. Watu 17 walikufa, 12 wakaokolewa. Kati ya hao 12, 8 walitolewa na Duke Kahanamoku, mpanda mawimbi maarufu wa Hawaii, kwa ubao wake, akienda na kurudi. Leo Australia, Surfing NSW, chama cha wapanda mawimbi cha jimbo la New South Wales, wanaendesha kozi iitwayo Surfers Rescue 24/7 kwa ajili ya watu wa aina yenu kabisa.

Ninachopinga ni ratiba yako. Asubuhi maji, mchana CPR: huko ni kuvitenga vitu ambavyo siku ya tukio vitakuja pamoja. Anayefika ufukweni baada ya kumleta mtu mzito kwa kupiga maji kwa mikono anahema, mapaja yanatetemeka, mikono imekufa ganzi, halafu anatakiwa apulize. Mdoli wa kufanyia mazoezi ya CPR ukae kwenye mchanga mgumu, ulale sambamba na ukingo wa maji. Mtu atoke na "mzamaji", amburute, aanze pumzi palepale kabla hajavuta zake. Mwingine awe anapiga simu, wa tatu ajiandae kumpokea mkandamizaji kila baada ya dakika 2. Hapo ndipo mtajua nani anaweza na nani alikuwa anajua kwa mdomo.

Na wewe usiwe mkufunzi wa CPR. Tafuta mwenye leseni ya kufundisha aje na midoli yake, wewe simamia usalama wa majini.

Ubao_Mrefu

Nimeelewa, mzee wangu, ratiba naivunja. Dada nesi, la mwisho: akizinduka akaanza kuongea, anasema yuko sawa anataka kwenda zake?

Nesi_wa_Zamu

Haendi popote ila hospitali, hata kama anawatania. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuchafuka saa kadhaa baadaye. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, na akisinzia alazwe ubavu huku mmoja wenu akitazama kifua chake kinavyopanda na kushuka. Kikisimama, mnarudi kwenye pumzi. Mkiwa na mashine ya kushtua moyo, kausheni kifua kabla ya kubandika pedi zake.