Mwizi wa mashine naye ana haki? Karibuni tujadili ila matusi hapana

Mtu wa Igombe
Wadau habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua toka wiki jana nataka mawazo yenu.

Alfajiri hapa mwaloni Igombe, wanapotia nanga wavuvi wa Ziwa Victoria huku Mwanza, alikamatwa kijana na mashine ya boti, ile ya nguvu za farasi 15, kaifunga kwenye sandarusi kaipakia kwenye bodaboda. Mashine ina alama ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, hakuna ubishi na mwenyewe akakiri palepale. Ukapigwa mwano, ule ukelele wa kuita watu, mnajua mwano ukipigwa hakuna anayeuliza kuna nini, watu wakatoka na makasia wengine na mawe ya kuanikia dagaa. Mi nilikuwepo. Sikumpiga, ila nilishika pikipiki isiondoke na niliposikia mtu anaulizia petroli (na mwaloni petroli haikosekani kila mtumbwi una dumu lake) nikaondoka nikaenda zangu kunywa chai. Ndo ninachojilaumu.

Kilichomuokoa wala sio huruma, ni tajiri mwenyewe alikuja mbio akasema msimuue huyu, nataka aniambie zile mbili za mwaka jana aliuza wapi.

Sasa hoja yangu ni hii. Kila tukijadili haki za binadamu tunatoa mfano wa mtu aliyesingiziwa, kapigwa kumbe alikuwa anawahi basi la kwenda Musoma. Huo mfano rahisi, kila mtu atalia. Huyu alikuwa MWIZI kweli. Mi nasema hata hivyo hatukuwa na haki ya kumchoma. Anayepinga aje.

Kamata Kwanza
Napinga mchana kweupe. We ushawahi kuibiwa mashine? Hiyo sio simu kaka, mashine ni mamilioni, mtu kakopa, ana vijana wanne kwenye mtumbwi kila mmoja ana watoto, ikiondoka wote mnakaa nchi kavu mnaangaliana. Na wengine wanaibiwa hukohuko katikati ya maji usiku, wanakunyang'anya mashine na nyavu wanakuacha unaelea hata kasia huna, upepo ukuamulie. Haki ya huyo mvuvi iko ibara ya ngapi?? Mnampeleka polisi siku ya tatu unakutana nae genge la chips anakuuliza vipi tajiri umeamkaje. Kwa hali hiyo kwa nini watu wasimalize wenyewe

Bajaji Buzuruga
"Umeamkaje tajiri" 😂😂 hii imenikuta mimi kabisa, aliyeiba betri ya bajaji yangu alipanda bajaji yangu baadae kama abiria, na akaomba nimpunguzie nauli

Karani Mstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi naomba niseme kidogo, tena sio kidogo.

Vijana mnasema dhamana kana kwamba ni rushwa. Inaweza kutolewa na rushwa, sikatai, lakini dhamana yenyewe ni haki, wizi wa kawaida una dhamana, na polisi wanatakiwa wamfikishe mtu mahakamani ndani ya saa 24. Kupewa dhamana sio kuachiwa huru. Na ibara ya 13 ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Hizo ibara za haki hazikuwemo toka mwanzo, ziliingia 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988, kwa hiyo wengine humu mmezikuta, sisi tumeziona zinakuja.

Sasa kwa nini kesi za mashine zinakufa? Nimeziona nyingi. Mlalamikaji haji. Leo hayupo, tarehe nyingine hayupo, mwisho kesi inafutwa. Na haji kwa sababu ni mvuvi wa dagaa, tarehe imeangukia giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani na dagaa wanavuliwa kwa taa, na giza likiingia mvuvi hawezi kuacha ziwa aje kukaa benchi Mwanza mjini, yuko kambini Ukara huko. Anarudi mbalamwezi. Nilishawahi kumwambia hakimu mmoja hizi kesi tuzipange mwezi ukiwa mpevu, akacheka akadhani natania.

Na la mwisho. Kamata Kwanza nisikilize vizuri mwanangu. Mwizi ana dhamana. Wewe uliyerusha tofali akafa HUNA. Hiyo ni mauaji, na sheria haiulizi tofali la nani ndo lilimmaliza, mkiwa na nia ya pamoja wote mnasimama kizimbani, na adhabu yake ni kunyongwa. Gereza la Butimba nimewaona waliokaa mahabusu miaka kwa mtu ambaye hata jina lake walikuwa hawalijui. Walikuwa wanapita tu, wakaokota jiwe.

Kamata Kwanza
Hiyo ya mwisho sikuijua shkamoo mzee. Ila bado hujanijibu, mashine yangu inarudi vp

Mzee wa Kwimba
Marahaba wote, hata ambao hamjasalimia.

Tulikuwa na sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Ilianza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya themanini wizi wa ng'ombe ulipozidi, Nyerere akaiunga mkono na sheria ikaja kuitambua 1989. Watu wa haki za binadamu walitusema sana, na kuna mahali walikuwa sahihi, kuna watu walipigwa hovyo. Lakini sungusungu niliyoijua mimi ilikuwa na kikao, mtu anahojiwa, anatozwa, akikaidi anatengwa, hauziwi chumvi hupewi moto wala huziki. Mtu anakimbilia kulipa mwenyewe. Hilo kundi la mwaloni halina ntemi (kiongozi) halina kikao, ni watu wenye hasira na mwingine hata hajaibiwa.

Na msidhani serikali ndo dawa kila wakati. 1976 vyombo vya dola viliingia Shinyanga na Mwanza kukamata watu kwa mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi, wakateswa mpaka wengine wakafia mikononi mwao. Mzee Mwinyi alikuwa waziri wa mambo ya ndani, akajiuzulu 1977 na hakumpiga mtu hata kofi. Leo nani anajiuzulu?

Mayu wa Magu
Ahsante baba umegusa vikongwe maana nilikuwa nasoma tu nataka kulia. Nyie mnabishana kuhusu mwizi kana kwamba lile kundi lina macho ya kujua mwizi ni nani. Ni kundi lilelile. Bibi yangu macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi miaka yote anapika kwa samadi kuni hakuna, akaitwa mchawi, tukamhamisha usiku. Mwano uleule. Walipokuwa wanauawa ndugu zetu wenye ualbino kuanzia 2007 huko, Waziri Mkuu Pinda akapandwa na uchungu 2009 akasema wanaowaua na wao wauawe, bungeni wakamhoji mpaka akatoa machozi. Mi nilimuelewa uchungu wake kabisa. Lakini ukiwapa watu wa kwetu ruhusa ya kuua muuaji, kesho nani anaitwa muuaji? Bibi.

Nyakato Juu
Mayu pole sana. Ila tusichanganye mada, mchawi haonekani, mashine inaonekana

Mayu wa Magu
Petroli haijui tofauti mwanangu

Mtu wa Igombe
Wabeja sana wote. Karani hiyo ya giza na mbalamwezi imeniingia, nimeangalia tarehe ya kesi ya huyu kijana, iko giza totoro 😅 na tajiri keshasema haendi, mtumbwi wake unaingia ziwani siku hiyohiyo.

Bajaji Buzuruga
Zile mashine mbili zilipatikana lakini?

Mtu wa Igombe
Moja. Ilikuwa Kome imepigwa rangi upya. Ya pili aliyeiuza alisema hakumbuki, alikuwa hana meno ya kuongelea vizuri.

Kamata Kwanza
Na mwizi yuko wapi sa hivi

Mtu wa Igombe
Nje kwa dhamana. Jana nimemuona Kayenze anachechemea.

Kamata Kwanza
UMEONA SASA

Mtu wa Igombe
Nimeona. Alinisalimia. Na jina langu liko kwenye orodha ya mashahidi.