Msaada: programu ya kunakili sauti inayakubali baadhi ya majina ya dawa, mengine inayagomea

Mnakili:
Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kugeuza mihadhara ya famasia kuwa maandishi kwa ajili ya wanafunzi. Natumia Whisper ya OpenAI, nimeiweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Mazungumzo ya kawaida inayapata vizuri. Shida ni majina ya dawa. Metformini inatoka "meta fomu ni", amoksilini inakatwa vipande, na mwanafunzi anayesoma usiku wa kuamkia mtihani hana namna ya kujua mwalimu alisema nini.

Nilielekezwa kwenye ile sehemu ya prompti ya mwanzo (maandishi unayoipa programu kabla haijaanza kusikiliza), nikaweka orodha ndefu ya dawa kwa mpangilio wa alfabeti. Matokeo ndiyo yananichanganya. Warfarini na vankomaisini zinatoka sawasawa, lakini amoksilini na atenololi ni kama sikuziandika kabisa. Halafu hata hizo zinazotoka vizuri huwa sawa mwanzoni mwa mhadhara tu, tukifika katikati zimeshaharibika. Nikiongeza maneno, hali inazidi kuwa mbaya. Nina mamia ya majina na yanaongezeka kila muhula. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Kinasa:
Orodha ni ndefu mno mkuu. Ipunguze.

FundiRekodi:
Mleta mada, umeeleza vizuri mpaka jibu linaonekana lenyewe. Whisper haina kamusi ya kuongezea maneno. Ile prompti inaichukulia kama maandishi yaliyotangulia kabla ya sauti kuanza, kisha inajaribu kuendeleza kwa mtindo uleule na tahajia ileile. Na nafasi yake ni finyu: tokeni 224, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma. Ukizidisha, inabakiza 224 za mwisho na kutupa zilizotangulia. Umepanga kwa alfabeti, kwa hiyo zilizotupwa ni za A na kuendelea, zilizobaki ni za V na W. Ndiyo maana warfarini inakubali na amoksilini inakataa.

Na usidhani tokeni 224 ni maneno 224. Jina refu la dawa ambalo modeli haijalizoea hukatwa vipande kadhaa, na kila kipande kinahesabiwa. Orodha ya majina magumu inajaa upesi sana.

Suala la katikati ya mhadhara: modeli inasikiliza vipande vya sekunde 30. Ikimaliza kipande, maandishi iliyotoa yanaingia kwenye ile nafasi ya prompti, na kadiri yanavyoongezeka yanaisukuma orodha yako nje. Baada ya muda haioni tena ulichoandika. Baya zaidi, ikikosea jina mara moja, lile kosa linakuwa ndiyo mfano wake kwa vipande vinavyofuata.

Ningekuwa wewe ningekata rekodi kwa mada, kila kipande nikakiendesha peke yake na orodha yake fupi. Mhadhara wa kisukari upewe dawa za kisukari tu. Na usiandike majina matupu yenye koma, andika sentensi kama atakayoisema mwalimu: "Mgonjwa alianzishiwa metformini miligramu 500, baadaye akaongezewa glibenklamidi." Muktadha unasaidia kuliko jina likikaa peke yake.

Wingu_Juu:
Mnajitesa bure. Hamia huduma ya Google ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Pale unaweka misemo na kila msemo unaupa uzito, yaani kiasi cha kupendelewa, mpaka 20. Ombi moja linapokea misemo 5,000, orodha yako yote inaingia. Zipe zote 20, kazi imekwisha.

FundiRekodi:
Hapo sikubaliani nawe ndugu. Huduma yenyewe ni nzuri, lakini kuzipa zote 20 ni hatari. Uzito ukipanda, maneno yanayokosekana yanapungua, ila yanayozuliwa yanaongezeka: mashine inaanza kusikia dawa ambayo hakuna aliyeitaja. Anza na uzito mdogo, upandishe taratibu huku ukilinganisha na rekodi ambayo tayari imesahihishwa kwa mkono.

Kwa famasia hili si dogo. Chukua hidroksizini na hidralazini. Moja ni ya mwasho na mzio, nyingine inashusha shinikizo la damu. Kwa sikio zinakaribiana mno. Ukiipa moja uzito mkubwa, mwalimu akitaja nyingine utaletewa ile uliyoipendelea, tena imeandikwa vizuri kabisa, na hakuna atakayeishtukia. "Meta fomu ni" angalau msomaji anaona kuna kasoro. Jozi za namna hiyo ama ziweke zote mbili kwa uzito sawa, ama uziache zote, kisha usikilize mwenyewe kila zinapotokea.

Mtunza_Orodha:
Naongezea upande wa utunzaji, maana wengi wanakwama hapo. Kuwa na jedwali moja mama: safu ya tahajia sahihi, safu ya namna programu inavyolikosea, safu ya mada. Kutoka humo unachuja orodha fupi ya kila mhadhara. Ukihama programu, jedwali unalo, unabadilisha umbo tu. Kwa mfano Amazon Transcribe inataka jina la maneno mawili liunganishwe kwa kistari, ina safu nyingine ya kuonyesha liandikwe vipi kwenye matokeo, na faili isizidi kilobaiti 50.

Ile safu ya makosa inakufaa kusahihisha baada ya unukuzi kwa kutafuta na kubadilisha. Ila badilisha tu kile ambacho hakiwezi kuwa na maana nyingine. "Meta fomu ni" ibadilishe bila wasiwasi. Kosa lililotoka kama neno halisi usiliguse kwa mkupuo, litakuharibia sentensi nzima nzima zisizohusika.

Na majina ya wagonjwa, kama mwalimu anatoa mifano ya wodini, yasiingie kwenye orodha inayopelekwa kwenye seva ya watu wengine.

Mnakili:
Asanteni sana wakuu. Nimegeuza orodha kichwa chini kwa majaribio, amoksilini ikatoka na warfarini ikapotea, kwa hiyo maelezo ya FundiRekodi ni kweli tupu. Sasa nagawa kwa mada. Swali moja: zile jozi zinazofanana nizijue vipi mapema, nisisubiri kukutana nazo?

FundiRekodi:
Muombe mwalimu wa famasia. Orodha za dawa zinazofanana kwa sauti au kwa maandishi zipo, hospitali huzitumia kuzuia makosa ya kutoa dawa. Ziwekee safu yao kwenye lile jedwali, kisha kila unukuzi ukiisha, tafuta hayo majina na urudi kwenye sauti dakika ileile. Sikiliza na dozi pia, maana wakati mwingine miligramu zinaweza kukusaidia kujua ni dawa gani.