Ushauri: Sauti ya ndani ikishasema, bado nahitaji ruhusa ya mtu?

Mtafuta_Njia
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mzee wa kanisa la Kilutheri, KKKT, huku Machame. Siku hizi nayasoma Maandiko kwa namna nyingine. Misri kwangu si nchi tena, ni hofu ninayoitumikia. Farao namjua, tunavaa shati moja. Luka 17:21 inasema ufalme wa Mungu umo ndani yenu. Sasa nikishaisikia sauti ya humo ndani, nimwombe nani tena ruhusa? Wenye uzoefu nisaidieni.

Yona_wa_Pasua
Mstari wa 20 unasema walioambiwa hivyo ni Mafarisayo. Jipime.

Mama_Parachichi
Mimi sauti iliniambia niache kazi, nikaacha. Leo niko sokoni Mbuyuni, nashukuru Mungu. Mume ndiye hajashukuru.

Mangi_Mstaafu
Mleta mada, unazunguka sana. Sauti imesema nini?

Mtafuta_Njia
Ni mambo ya kifamilia tu.

Mangi_Mstaafu
Yapi?

Mtafuta_Njia
Mwanzo 12:1, toka katika nchi yako na nyumba ya baba yako. Nauza kihamba, shamba letu la ukoo. Advansi nimeshapokea. Kabla hamjanirukia: kahawa hailipi, migomba imezeeka. Na Theresa wa Avila, yule mtawa wa Hispania, alipoingia ndani ya nafsi yake hakuitisha kikao cha ukoo.

Msomaji_Mkimya
Theresa aliandika habari za ngome ya nafsi mwaka 1577 kwa sababu waliomsimamia walimwagiza. Hakujiongoza peke yake. Na Origen wa Aleksandria, karne ya 3, alifundisha kwamba Maandiko yana mwili, nafsi na roho kama mtu. Wewe Misri umeifanya ya rohoni, Farao wa rohoni, ila nyumba ya baba imekuwa shamba lenye bei! Kama ni kusoma kwa ndani, soma kote kwa ndani.

Mtafuta_Njia
Nimeomba, nina amani. Hata paroko alipokuja kunisihi sikuyumba.

Fundi_Gereji
Simama hapo. Mzee wa kanisa wa KKKT anasihiwa na paroko? Hii chai, na sukari imezidi.

Yona_wa_Pasua
Nilihisi mapema. Mtu ana mgogoro wa shamba halafu ananukuu watakatifu wa Hispania.

Mtafuta_Njia
Si chai. Mke wangu ni wa Kibosho, Mkatoliki. Ndiye aliyenishtaki kwa paroko wao.

Mama_Parachichi
Kumbe mama hajakubali! Hilo ulilificha wapi, kaka?

Dalali_Mwaminifu
Ukubwa gani? Gari linafika? Njoo PM.

Mangi_Mstaafu
Makaburi ya wazee yamo humo?

Mtafuta_Njia
Yamo. Mnunuzi ameahidi hatayagusa. Anataka tumalizane Novemba.

Mangi_Mstaafu
Na Desemba ndugu zako wanapanda kutoka Dar kula Krismasi. Wanajua?

Fundi_Gereji
Nimekaa paleee.

Mtafuta_Njia
Wadogo zangu hawasomi Biblia kwa kina.