MJADALA: Vitabu vya anga viache kuwaahidi watoto wetu nyumba Mirihi

Mleta mada, Kilifi

Salamu kwenu wadau, hasa walimu, wazazi na mnaoandika au kutafsiri vitabu vya watoto. Nina hoja naileta jamvini, na anayeipinga aipinge bila kunionea haya.

Nasimamia maktaba ndogo ya watoto kaskazini ya Malindi. Vitabu vya anga ndivyo vinavyogombaniwa kuliko vyote. Majalada yake huchanika kabla vingine havijafunguliwa. Vingi vimetoka nje kama msaada, vichache vimetafsiriwa. Karibu vyote vina tamati moja: mtoto kavaa vazi la mwanaanga, kasimama Mirihi, nyuma yake kuba za kioo zenye mboga ndani, na maandishi yanamwambia msomaji kuwa siku moja huyo atakuwa yeye. Nasema vitabu vya namna hiyo tusivinunue tena, tusivitafsiri, na sisi wenyewe tusiviandike. Anga inawahusu watoto wetu sana, na ndiyo maana naudhika. Kitabu kinachojiita cha maarifa kinatoa ahadi ambayo mwandishi wake hawezi kuitimiza, na papo hapo kinaficha mambo ambayo yangemkosesha mtoto usingizi kwa kuyawaza.

Anzeni na Laika. Novemba 3, 1957 Wasovieti walimrusha mbwa huyo, aliyeokotwa mitaani Moscow, ndani ya Sputnik 2. Chombo hakikuwa na njia yoyote ya kumrudisha, na waliomfunga mikanda walilijua hilo. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa aliishi siku kadhaa akafa bila maumivu. Mwaka 2002 ndipo mwanasayansi wa Kirusi alipoeleza hadharani kwamba alikufa saa chache tu baada ya kurushwa, kwa joto na hofu. Katika vitabu nilivyo navyo Laika anachungulia dirishani akiwa na furaha, kisha ukurasa unaofuata ni Gagarin, binadamu wa kwanza kwenda angani. Mtoto mmoja aliniuliza mbwa alishukia wapi. Nilimweleza. Akanyamaza, halafu akauliza mbona kitabu hakikusema.

Sasa njooni Mirihi. Hewa yake ni kaboni dioksidi kwa asilimia 95 hivi, na ni nyepesi mno: mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja kwa mia ya huu wetu. Udongo wake una chumvi za perklorati, ambazo ni sumu kwa tezi ya shingo. Chombo cha Phoenix kilizikuta huko mwaka 2008. Uvutano ni asilimia 38 ya wa Dunia. Kwenda tu ni miezi sita hadi tisa, na nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana kila baada ya miezi 26. Hakuna mtoto aliyewahi kukaa angani hata siku moja, kwa hiyo hakuna daktari awezaye kusema mifupa ya mtoto anayekua itakuwaje chini ya uvutano ule. Picha inamwonyesha mtoto huyo anacheza mpira.

Na hizo kuba za mboga? Zilijaribiwa hapa hapa duniani. Arizona, Marekani, kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993, watu wanane walijifungia ndani ya jengo la vioo liitwalo Biosphere 2, wakiwa na mashamba yao, miti yao na hata bahari ndogo. Oksijeni ilianza kupungua polepole, kutoka asilimia 21 hadi kama 14, hali ya mtu aliyepanda mlima mrefu. Mwishowe ikabidi iingizwe oksijeni kutoka nje. Vijidudu vya udongo ule wenye rutuba vilikuwa vinaivuta kuliko mimea ilivyoweza kuitoa, na kaboni dioksidi iliyotoka ikanyonywa na zege za kuta, mimea ikaikosa. Niambieni kama hicho si kisa cha kumfanya mtoto wa miaka kumi akae wima! Zege limekula hewa ya watu. Sijakiona katika kitabu hata kimoja cha watoto.

Ukweli wa kuishi angani hauchoshi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu yetu na hakijakosa watu tangu Novemba 2, 2000. Kinaizunguka Dunia kwa takriban dakika 90, hivyo waliomo huona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Hukimbia na kunyanyua vyuma saa mbili hivi kila siku, kwa sababu bila hivyo mifupa ya nyonga hupoteza asilimia moja au zaidi kila mwezi. Mkojo wao na jasho lao husafishwa yakawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 mitambo hiyo ilifikia kuyarudisha maji kwa asilimia 98. Mweleze hayo mtoto anayeamka alfajiri kuchota maji kisimani, uone maswali atakayokurudishia.

Karibuni.

Mchangiaji, mzazi, Dar es Salaam

Ndugu mleta mada, naheshimu kazi yako ila hapa tunatofautiana kabisa. Mtoto huanza kwa kutamani, hesabu huja baadaye. Robert Goddard alikuwa kijana wa miaka 16 aliposoma, mwaka 1898, hadithi ya H. G. Wells kuhusu viumbe wa Mirihi wanaoivamia Uingereza. Hakuna hata sentensi moja ya kweli kuhusu Mirihi mle! Lakini ndiyo iliyomshika, na Machi 16, 1926 akarusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika huko Massachusetts. Ingekuwa wewe ndiye mkutubi wake ungempa jedwali la gesi.

Halafu tuwe wakweli kuhusu watoto wetu. Huyu anayechota maji alfajiri anaambiwa "haiwezekani" na kila mtu kuanzia darasani hadi nyumbani. Leo na kitabu nacho kimwambie hivyo? Mwacheni awe na ukurasa mmoja unaomwambia inawezekana.

Mchangiaji, mwalimu mstaafu, Morogoro

Nimefundisha darasa la tatu na la nne kwa muda mrefu, nichangie kwa upande huo.

Kuhusu Laika, wanaosema watoto hawawezi kubeba habari ya kifo wamesahau hadithi walizolelewa nazo. Zimwi humeza kijiji kizima. Mama wa kambo humfukia mtoto hai na wimbo wake unasikika kutoka ardhini. Tulisikiliza usiku, gizani, na tukaomba tena. Kinachomdhuru mtoto ni kuachwa peke yake na habari hiyo. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, ila kwa sharti: habari kama ya Laika isomwe darasa la nne kwenda juu, na isomwe pamoja na mtu mzima. Kitabu hakijui nani kafiwa wiki iliyopita. Mwalimu anajua.

Mwanangu wa Dar, ya Goddard ni kweli, lakini umechanganya mambo mawili. Ile ilikuwa hadithi, na Goddard alijua anasoma hadithi. Hakuna aliyemwambia "hivi ndivyo Mirihi ilivyo, jiandae."

Mchangiaji, kijana wa Ngomeni

Mnabishana Mirihi na mlangoni pangu hamjapaangalia. Baharini hapa Ngomeni, ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya San Marco. Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani kuanzia 1967 hadi 1988. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ilifikia vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vikasaidia kuonyesha kuwa kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkali hata mwanga hauponyoki. Kwa nini hapa? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako Dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure.

Babu zetu waliona moto ule kwa macho yao. Nimesoma shule ya msingi na ya sekondari nikiwa nayatazama majukwaa hayo na sikukuta kitabu cha watoto kinachoyataja. Nilijifunza majina ya wanaanga wa Apollo kabla sijajua Uhuru ni nini. Mama mzazi wa Dar, ndoto unayoitaka iko hapa, na haihitaji kutiwa chumvi.

Wekeni na ile pete ya Mukuku, Makueni. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kama kilo 500 ilianguka kijijini, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Watoto wa kule wameshakutana na anga, imewaangukia. Kitabu kiwaeleze taka hizo zinatoka wapi, nani anapaswa kulipa zikivunja nyumba, na mkataba wa kimataifa wa anga wa 1967 unasemaje. Watoto wanapenda sana habari za nani alaumiwe, ndugu zangu.

Mchangiaji, Kisumu

Shule hazina madawati, nyinyi mnajadili vitabu vya anga. Pesa hizo zinunue vitabu vya kusoma na hesabu kwanza.

Mleta mada

Kaka wa Kisumu, vitabu ninavyozungumzia ndivyo vya kusomea. Mtoto hujifunza kusoma kwa kitabu anachokitaka, na hivi ndivyo wanavyovitaka. Na kilimo unachokijua kinategemea vitu vinavyozunguka huko juu. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, ilitengenezwa ipige picha za mashamba na misitu yetu.

Mwalimu, shikamoo. Sharti lako la umri nalikubali, na la kusoma pamoja nalikubali zaidi. Kijana wa Ngomeni, tutafutane.

Mzazi wa Dar, sijamwambia mtoto yeyote "haiwezekani". Biosphere 2 haisemi haiwezekani. Inasema watu wanane walijaribu, wakakwama kwa sababu ambayo hawakuitarajia, na sababu ikatafutwa mpaka ikapatikana. Ninachokikataa ni mtoto kuambiwa kazi imeshakwisha, yeye asubiri kupanda roketi. Kama kuna kinachomvunja moyo ni hicho: akifika miaka ishirini na roketi haijaja, atajiona yeye ndiye aliyeachwa.

Mchangiaji, mama wa Kitanzania, Abu Dhabi

Samahani nimechelewa kuingia. Huku Imarati habari za Mirihi ni za kila siku. Mwaka 2017 nchi hii ilitangaza mpango wa kujenga mji Mirihi ifikapo 2117, na Februari 2021 chombo chao kilifika kuizunguka sayari hiyo. Mimi naona ahadi yenye tarehe ni bora kuliko "siku moja". Wangu amezaliwa 2018. Alipiga hesabu mwenyewe akaona 2117 atakuwa na miaka 99. Hakulia. Aliuliza basi kazi yake ni ipi katikati hapo.

Jambo lingine naliona halijaguswa. Wanangu wanauliza mwanaanga anaswali vipi, kibla kiko wapi, na funga inakuwaje kwa mtu anayeona jua likizama mara 16. Vitabu tulivyo navyo vinaeleza choo cha angani kwa kurasa mbili, hayo hayamo. Na majibu yapo! Sheikh Muszaphar Shukor alipokwenda angani mwaka 2007 ndani ya Ramadhani, Malaysia iliandaa mwongozo wa ibada kwa ajili yake: aelekee Kaaba kadiri awezavyo, akishindwa aelekee upande wa Dunia, akishindwa aelekee popote. Saa za swala na funga zikafuata mahali roketi ilipoondokea. Sultan AlNeyadi, mwanaanga wa Imarati, alipokwenda kwa miezi sita mwaka 2023 alieleza kuwa yeye ni msafiri, na msafiri halazimiki kufunga. Mtoto wa Tanga au wa Lamu akisoma hayo anajua kwamba hata watu wanaoswali kama yeye wameishi huko.

Mchangiaji, mzazi, Dar es Salaam

Dada yangu wa Abu Dhabi, umenigusa. Hayo ya kibla sikuwahi kuyafikiria, na binti yangu angeyasoma mara kumi.

Mwalimu, hoja ya hadithi na maarifa nimeielewa. Basi tukubaliane hivi: jalada liseme wazi kitabu ni cha aina gani. Kikiwa hadithi, mwacheni mtoto ajenge mji Mirihi, afuge mbuzi huko, aolewe huko, asiguswe na mtu. Kikiwa cha maarifa, sawa, kiseme habari ya perklorati na ya Laika. Ila kwa mleta mada bado sijalegea kwenye kutovinunua. Vitabu vyenye ukurasa ule ndivyo vilivyopo madukani leo. Ukivikataa kabla vya kwenu havijaandikwa, rafu inabaki tupu, na wanaogombania majalada watagombania nini?

Mleta mada

Hilo ni zito, na halijibiwi kwa maneno. Vilivyopo sitavitupa. Nitabandika karatasi ndani ya kila kimoja, kwa Kiswahili, yenye yale yaliyoachwa: Laika alifikia wapi, hewa ya Arizona ilikwenda wapi, Uhuru ilirushwa kutoka wapi. Kijana wa Ngomeni aandike ya kwake, mama wa Abu Dhabi atuandikie ya kibla na ya funga. Mwalimu, ukikubali, utusomee kabla hatujabandika, utuambie lipi ni la darasa la pili na lipi lisubiri.

Mchangiaji, mwalimu mstaafu, Morogoro

Marahaba. Nitumieni. Na ile ya zege kula hewa iandikeni kwa darasa la pili, wataiweza.